Kwelea na Njaa ya Mvua za Kwanza

Katika nchi ya Singida mvua ni moja kwa mwaka. Huanza mwezi wa Novemba au Desemba, hukoma Aprili au mwanzo wa Mei, na baada ya hapo mbingu hufungwa kwa miezi sita au zaidi. Wanyaturu na Wanyiramba, waliokaa juu ya uwanda huo kwa vizazi vingi, walijenga maisha yao juu ya uwele na mtama, nafaka mbili zenye kulistahimili jua. Mgeni apitaye huko wakati wa kiangazi, akaona vumbi, miti isiyo na majani na mito mikavu, atasema kwamba hapana shaka hayo ndiyo majira ya njaa. Sivyo. Wakati wa kiangazi vihenge huwa bado na nafaka. Njaa huja baadaye, katika Januari na Februari, mvua inaponyesha vema na nchi nzima imevaa kijani, kwa sababu akiba ya mwaka uliopita imekwisha na uwele wa mwaka mpya haujashika suke.

Nchi hiyo ina mkaaji mwingine ambaye njaa yake hufuata kanuni iyo hiyo. Naye ni kwelea, yule ndege mwenye mdomo mwekundu, mwenye uzito wa gramu 20 hivi, ambaye mmoja wake hamtishi mtu yeyote, na milioni moja yake humfanya mkulima aketi chini na kushika tama. Kwelea naye hula mbegu, yaani mbegu za majani ya porini kwanza na nafaka za watu baadaye. Kwelea naye hushiba kiangazi na kuona dhiki mvua inapoanza. Tofauti ni kwamba yeye hana kihenge ila mwili wake mwenyewe. Kila anachoweka akiba hukiweka chini ya ngozi na ndani ya misuli, na kila anachotumia hukitoa huko huko.

Habari ya jinsi binadamu walivyokuja kuijua njaa hiyo ya ndege ni fupi. Ilianza miaka ya 1950, na mwanzo wake mmojawapo ulikuwa hapa hapa Tanganyika. Lakini kabla ya wataalamu walikuwako wenyeji, nao walijua mengi.

Walijua, kwanza, kwamba ndege huyu halindwi kwa kelele za asubuhi peke yake. Katika shamba la uwele au mtama hujengwa dungu, na juu ya dungu huketi mtoto au mwanamke mwenye kombeo na mabonge ya udongo, tangu alfajiri mpaka jua lituapo, kwa majuma kadhaa mfululizo. Kazi hiyo ndiyo kuamia. Waamiaji walikuwa wakijua saa za ndege kama mvuvi ajuavyo saa za maji. Makundi huja kwa nguvu asubuhi mapema, hupungua jua linapokuwa kali, maana wakati huo ndege hujibanza katika vivuli vya miiba karibu na maji, kisha hurudi alasiri wakiwa na pupa kuliko asubuhi. Walijua pia kwamba nafaka hupendwa zaidi ikiwa ingali na maziwa, na kwamba uwele wenye ndevu ndefu katika suke na mtama mwekundu wenye ukakasi huachwa mpaka mwisho. Wasilolijua, wala hakuna mtu aliyelijua mahali popote, ni sababu ya pupa ile ya alasiri, na mahali wanapokwenda ndege hao siku chache baada ya mvua za kwanza, ambapo mamilioni waliokuwako jana huwa kama waliofutwa kwa kitambaa.

Serikali ya Kiingereza ililitazama jambo hili kwa macho ya vita. Baada ya mwaka 1945 kilimo cha nafaka kilipanuliwa katika sehemu nyingi za Afrika, na katika nchi mbalimbali kwelea alitangazwa kuwa adui. Viota vyake vilichomwa kwa moto wa mitambo, mahali pa kulala pakalipuliwa kwa baruti, na ndege za kuruka zikamwaga sumu juu ya miti jioni, wakati makundi yamekwisha kutua. Maiti zilihesabiwa kwa mamilioni. Mwaka wa pili ndege wakarudi kana kwamba hapakutokea jambo. Hesabu ilikuwa nyingi na faida haikuonekana. Serikali yoyote iliyokwisha kununua mitambo hupata taabu kulikiri neno kama hilo.

Hata hivyo Idara ya Kilimo ya Tanganyika ilikuwa na mtu aliyependelea kuuliza kabla ya kupiga. Huyo alikuwa H. J. de S. Disney, ambaye baadaye alikwenda Australia na kuwa msimamizi wa ndege katika jumba la makumbusho la Sydney. Mwaka 1956, pamoja na mwenzake Haylock, aliandika juu ya mahali kwelea wanapopatikana na jinsi wanavyozaa katika Tanganyika. Mwaka huo huo aliandika tena pamoja na A. J. Marshall, Mwaustralia aliyekuwa akifundisha elimu ya wanyama London. Swali lao lilihusu majira. Katika Ulaya ndege hujua kwamba wakati wa kuzaa umefika kwa kuwa mchana hurefuka. Karibu na ikweta mchana hauna tofauti ya kutosha kumwambia ndege neno. Ni nani basi amwambiaye kwelea wa Tanganyika ya kati kwamba sasa ni wakati wa kufuma kiota?

Mwaka 1957 Marshall na Disney walitoa taarifa ya majaribio ya kuuleta msimu wa kuzaa kwa hila, kwa ndege waliofungwa katika vizimba. Jambo lililojitokeza ni uzito wa mvua pamoja na majani mabichi yaletwayo na mvua, kwa kuwa kwelea dume hufuma kiota chake kwa majani mabichi, na majani makavu hukatika mdomoni. Miaka miwili baadaye, pamoja na Brian Lofts, walionyesha kwamba ndani ya mwili wa ndege huyu kuna mzunguko wa kupumzika na kuamka tena ambao hauwezi kuharakishwa. Naye Lofts mwaka 1964 alieleza habari ya kwelea waliowekwa katika mwanga wa saa 12 na giza la saa 12 bila mabadiliko yoyote, nao wakaendelea kuingia na kutoka katika hali ya kuzaa. Mwili, kwa hiyo, una saa yake. Mvua huja kuithibitisha tu, au kuikanusha.

Hayo yalikuwa maendeleo makubwa. Lakini saa ya kuzaa si sawa na chakula cha kuzalia. Swali la chakula lilijibiwa mbali sana na Singida, upande wa pili wa bara, na haina budi kumfuata kwelea huko kabla ya kurudi. Kwelea wameenea kutoka Senegali mpaka Afrika ya Kusini kwa jamii kadhaa zinazotofautiana kidogo katika rangi za uso, ilhali maisha yao ni ya namna moja. Jamii ya magharibi hukaa pia katika nchi ya Bornu, kaskazini-mashariki ya Nigeria, karibu na Ziwa Chad, nchi ya mvua moja na miiba kama ilivyo Singida. Huko alifanya kazi Mwingereza Peter Ward, na mwaka 1965 jarida la Ibis lilichapisha matokeo ya uchunguzi wake.

Njia ya Ward ilikuwa ya subira na haikuwa na fahari. Aliwakamata ndege kwa saa mbalimbali za siku na kwa miezi mbalimbali ya mwaka, akawakausha, akayatoa mafuta yaliyokuwa ndani yao, akapima kilichobaki. Akarudia. Kutokana na mizani hiyo ilisomeka habari ambayo bunduki na baruti hazikuweza kuisema.

Habari ya kwanza ilikuwa ya usiku mmoja. Ndege mdogo huishi kwa gharama kubwa. Damu yake ina joto la nyuzi 40 au zaidi za Selsiasi, na mwili wake, kwa kuwa ni mdogo, una ngozi nyingi ya kupotezea joto kwa kila gramu ya nyama. Mchana hula na kuteketeza papo hapo. Usiku hawezi kula, naye hana budi kuwasha moto ule ule kwa saa 12. Kwelea hulilipa deni hilo kwa njia mbili. Hujaza gole mbegu kabla ya kulala, na alasiri nzima hugeuza sehemu ya wanga aliokula kuwa mafuta. Mafuta ni mzigo mwepesi, kwani gramu moja yake hutoa nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya wanga. Asubuhi mafuta hayo huwa yamepungua sana, naye huanza upya. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba cha kwelea humwagwa kila usiku. Hapo ndipo inapofahamika pupa ya alasiri ambayo waamiaji wa Singida waliipigania kwa kombeo: walikuwa wakimzuia ndege asinunue usiku wake.

Kuyeyusha chakula, kukiweka, kukiteketeza kiwe joto na kukijenga kiwe nyama au yai, mambo hayo yote wataalamu huyaita kwa jina moja, umetaboli. Aghalabu neno hilo hutajwa kana kwamba ni mtambo uendao kwa mwendo mmoja. Mizani ya Ward ilionyesha kinyume. Umetaboli wa kwelea hubadilika kwa saa, kwa mwezi na kwa kazi iliyo mbele yake. Ndege yule yule, katika mwaka mmoja, huwa mlinzi wa usiku mmoja mmoja, kisha msafiri, kisha mjenzi wa mayai, na kwa kila kazi mwili wake huweka akiba ya namna nyingine.

Habari ya pili ilikuwa ya mvua za kwanza. Tangu majani ya porini yakauke, mbegu zake huanguka na kulala juu ya ardhi, na kwelea huziokota kwa miezi mingi. Hupungua, walakini hazimaliziki. Halafu mvua hunyesha. Katika siku chache mbegu zote zilizobaki humea. Chakula kilichokuwa kimejaa ardhini hugeuka kuwa majani machanga ambayo kwelea hawezi kuyala, na majani hayo hayatatoa mbegu mpya kabla ya majuma sita au manane kupita. Mvua inayomfurahisha kila kiumbe humwondolea kwelea sahani iliyo mbele yake. Ward aliona kwamba hapo ndipo palipo mlango mwembamba wa mwaka, na kwamba ndege wengi sana hufa katika mlango huo.

Kwelea waliojiandaa hawangoji. Majuma ya mwisho ya kiangazi hula kupita mahitaji ya usiku na kujinenepesha kwa safari. Makundi ya mvua yakifika, kwa siku chache huokoka kwa kumbikumbi na mbegu zilizochelewa kumea, kisha huruka kuyapita mawingu na kwenda mahali ambapo mvua ilitangulia kunyesha majuma mengi nyuma, na majani yamekwisha kuzaa mbegu. Ward aliieleza safari hii kwa bara zima mwaka 1971. Mwaka 1977, yeye na Peter Jones, wakilinganisha jamii tatu za kwelea, walionyesha kwamba akiba ya mafuta ya safari si sawa kwa wote, bali hupatana na urefu wa njia ambayo kila jamii hulazimika kwenda. Hivyo lilijibiwa swali la wazee wa Singida juu ya ndege wanaotoweka. Hawakukimbia kelele wala moshi. Waliondoka kwa sababu meza iliinuliwa.

Baadaye hurudi nyuma, wakiifuata nchi inavyoiva, na kuzaa. Katika kuzaa mafuta hayatoshi, kwa sababu yai halijengwi kwa mafuta peke yake. Linataka protini, na mbegu za majani zina protini kidogo. Mwaka 1973 Kendall, Ward na Bacchus walionyesha kwamba kwelea huweka akiba ya protini ndani ya msuli mkubwa wa kifua, msuli ule ule wa kurukia. Mwaka 1976 Jones na Ward wakaongeza neno zito zaidi: kiasi cha akiba hiyo ndicho kinachoamua siku ambayo jike ataanza kutaga na idadi ya mayai atakayotaga. Anapotaga, msuli hupungua; jike huligeuza bawa lake kuwa yai. Kwa kawaida mayai ni matatu. Akiba ikipungua mno, jike huacha kutaga, na wengine hukiacha kiota kabisa. Hata gamba la yai lina hesabu yake, maana katika siku za kutaga majike huokota changarawe zenye chokaa, jambo ambalo Jones pia alilieleza mwaka huo wa 1976.

Ujenzi huo huenda kwa haraka ya ajabu. Mayai huanguliwa kwa siku 10 hadi 12. Makinda hulishwa wadudu kwanza, wenye protini nyingi, kisha mbegu. Na baada ya siku 12 hivi hutoka kiotani. Kiota cha kwelea hakikai peke yake. Mamia ya maelfu hujengwa pamoja katika mikakaya na miiba mingine, na vyote huwa katika siku ile ile moja, kana kwamba kijiji kizima kimeoa jioni moja. Kisha wazazi huondoka, pengine kwenda kuzaa tena mahali pengine mvua ilikochelewa, na nyuma yao hubaki umati wa vijana wasio na akiba wala ujuzi.

Sasa yarudishwe hayo Singida na kuwekwa juu ya kalenda ya mkulima. Mvua ya Desemba huotesha majani ya porini na uwele kwa siku moja. Majani huzaa mbegu, kwelea hurudi na kuzaa, na vijana wake hutoka viotani wakati ambapo suke la uwele na la mtama lingali na maziwa. Vijana hao hawajui kutafuta mbali, nao wana usiku wa kulipia kila siku kama wakubwa wao. Kwa kawaida kwelea mmoja huhesabiwa kuharibu gramu 10 za nafaka kwa siku, pamoja na zinazoanguka chini. Kundi la milioni moja ni tani 10. Kundi kama hilo katika mashamba ya vijiji vichache halihitaji juma zima. Tena huja mwisho wa miezi ya njaa, wakati mwenye shamba amekwisha kuuza mbuzi wawili au watatu ili afike mavunoni.

Ilionekana kwamba fikira zenye manufaa zingeanzia katika mwili wa ndege. Mtaalamu wa mtama Hugh Doggett, ambaye kazi yake ya miaka mingi ilikuwa katika Afrika ya Mashariki, aliandika mwaka 1957 juu ya mtama wenye kuhimili ndege na tatizo la kwelea. Ukakasi wa mtama mwekundu, ambao wazee waliujua kwa ulimi, una maana kwa tumbo pia. Vitu vinavyouleta hushikamana na protini na kuzuia isiyeyushwe vema, kwa hiyo ndege ashibaye mtama huo hupata faida ndogo kwa kazi ile ile. Ubaya wake ni kwamba kizuizi hicho hakibagui, nacho humfuata mtu katika ugali wake. Wengi wakaendelea kuupenda mtama mweupe, na kuamia.

Ward mwenyewe mwaka 1979 aliandika juu ya njia za busara za kupambana na kwelea. Hoja yake ilitoka katika ule mlango mwembamba. Ikiwa mamilioni hufa kila mwaka mvua za kwanza zinapoanza, basi kuua mamilioni wakati wa kiangazi, mbali na mashamba, ni kuwaua wale ambao njaa ingaliwachukua, na kuwaachia waliobaki mbegu nyingi zaidi. Kilicho na maana ni kuyapiga makundi yaliyo karibu na nafaka inayoiva, basi. Hoja hii haikukosa wapinzani, lakini ndiyo iliyoongoza kazi iliyofuata. Shirika la Kupambana na Nzige wa Jangwani la Afrika ya Mashariki, lililoundwa mwaka 1962, liliongezewa kazi ya kwelea, na ndege zake zilinyunyiza sumu ya fenthioni juu ya malalo na viota. Sumu hiyo haikuwaua kwelea peke yao. Mwewe na bundi waliokula mizoga na ndege waliolegea walikufa pia, na katika wilaya jirani ya Kondoa, ambako watu huwatega kwelea na kuwala, ilileta mashaka makubwa zaidi, kwani chakula cha jioni kingeweza kuwa kile kilichonyunyiziwa jana yake. Hata hivyo katika miaka ya 2020 unyunyizaji wa angani ulikuwa bado ukitumiwa Tanzania kila makundi makubwa yalipotishia mavuno.

Mkoa wa Singida, uliotengwa na Jimbo la Kati mwaka 1963, haukungoja mashauri hayo yamalizike. Shule ziliongezeka na watoto wakashuka kutoka madunguni. Kazi ya kuamia ikawaangukia mama zao, waliokuwa na kazi nyingine tayari. Katika nyumba nyingi uwele na mtama vikapunguzwa, na mahindi yakachukua nafasi. Punje ya hindi ni kubwa mno kwa mdomo wa kwelea, nayo imefunikwa kwa maganda. Mkulima wa mahindi hahitaji dungu. Lakini mahindi hayakuzaliwa kwa nchi ya mvua moja. Yakikosa maji kwa majuma machache wakati wa kuchanua, hayazai, ilhali uwele ungalisinyaa kidogo na kusubiri. Kwa hiyo mwenye shamba, kila Novemba mawingu yanapokusanyika upande wa mashariki, huamua ni ekari ngapi atampa kwelea na ngapi atalipa jua, na huamua hivyo katika majuma yale yale ambapo kwelea, porini, anakula kupita njaa yake ili aweze kuondoka.